Mstari wa Mwali Ubaoni

Mstari wa kwanza wa unyago nilioujua maishani niliusoma ubaoni, umeandikwa kwa chaki na mwanamume, mbele ya darasa lililojaa wavulana, na pembeni yake pameandikwa neno la Kiingereza. Sitauandika hapa. Ulikuwa msimu wa mabibo. Dirisha la darasa letu lilitazama mikorosho, na mabibo yaliyoanguka yalikuwa yanachacha chini, yakitoa harufu ya togwa iliyoharibika. Nzi waliotoka kuyanyonya waliingia darasani wakatua kwenye midomo yetu. Mpaka leo nikipita penye mabibo yaliyooza nakunja pua, kisha nauona ule mwandiko mzuri, ulionyooka, na mate yananijaa kinywani kama mtu anayetaka kutapika.

Shule yetu ilikuwa shule ya kati, vilimani, si mbali na boma la Kisarawe, wakati wa utawala wa Mwingereza. Wasichana wa darasa la saba tulikuwa wanne, na tulikaa mbele ili mwalimu atuone. Mwalimu wa Kiingereza, ambaye hapa nitamwita Elifasi, alitoka kaskazini, alivaa soksi ndefu nyeupe hata siku za matope, na alikuwa na kitabu kisicho na jalada chenye maneno ya kuchambulia mashairi ya Kiingereza. Kila neno lilikuwa na hatua tatu: litaje, toa mfano, sema kazi yake. Alipiga meza kwa rula nasi tukaimba: simili, metafa, pasonifikesheni. Mifano yote ilikuwa ya kitabuni. Theluji ni blanketi la shamba, tulisema, huku jasho likituteremka mgongoni. Hatukuelewa kitu, lakini tuliimba vizuri sana. Uwanjani wavulana waliyageuza maneno hayo kuwa matusi. "Simili ya mbuzi wewe!" walipigiana kelele, na aliyeitwa hivyo alikasirika kwelikweli. Alipokosea herufi ubaoni, mwalimu hakutumia kitambaa. Alilamba kidole gumba akaifuta herufi kwa mate, kisha akaandika upya juu ya unyevu ule. Mimi niliyekaa karibu niliona kila kitu.

Jirani yangu wa dawati alikuwa Mwanaidi. Baba yake, Mzee Shomari, alikuwa na duka dogo la nguo na chumvi, na kwa hesabu za watu wa pale alikuwa mbishi, kwa sababu alitaka binti yake afike darasa la nane na kufanya mtihani. Mwanaidi alipokuwa mwali, mila ilitaka akae ndani miezi mingi, na huenda angetoka kwenda kwa mume moja kwa moja. Mzee Shomari alibishana na dada yake, Bi Tatu, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli juu ya mambo ya wasichana wa ukoo ule. Mama yangu alikuwepo, na aliyasikia. Mwishowe Bi Tatu alikubali mtoto awekwe ndani kipindi cha likizo ndefu tu, kisha arudi shule, kwa sharti moja. "Neno la ndani likisikika nje, hata moja," alisema, "binti yako harudi tena kwenye hilo dawati. Nitamwoza mimi mwenyewe." Mzee Shomari aliapa. Mwanaidi naye aliapishwa. Aliporudi darasani alikuwa amenenepa kidogo na amenyamaza zaidi, na nilipomuuliza habari za ndani alinitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto.

Wiki chache baadaye tuliambiwa kwamba mkaguzi, Mzungu kutoka Dar es Salaam, angekuja. Mwalimu Elifasi alichachawa. Hakutaka tena mifano ya theluji, alitaka mifano yetu wenyewe, ya nyumbani, ili mkaguzi aone kwamba tumeelewa.

"Nataka metafa ya kwenu," alisema. "Si ya kitabu."

Saidi, mvulana mrefu wa nyuma, akasimama. "Baba yangu ni simba, mwalimu."

"Kaa. Mwingine."

"Mjomba wangu ni simba."

"Na wewe huko?"

"Babu, mwalimu. Simba vilevile, ila mzee."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alitembea kati ya madawati akituangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyejikojolea. "Pori zima simba! Ngoma kwenu kila siku, kutwa mnaimba, mnaimba nini? Hamna maneno nyinyi. Mna kelele tu. Mabubu wenye ngoma!"

Hapo Mwanaidi akasimama. Sikuelewa kwa nini mpaka nilipowekwa ndani mimi mwenyewe. Ndani, kungwi humchokoza mwali hivyohivyo. Humwambia huna maneno wewe, bubu wewe, na mwali hufundishwa kujibu papo hapo kwa mstari alioambiwa, bila kufikiri, kwa sababu anayesita huambiwa hajafundwa. Mwanaidi alikuwa ametoka kuyafanya hayo asubuhi na jioni. Mtu mkubwa alimchokoza kwa maneno yaleyale, naye akajibu. Alisema mstari mmoja, kwa Kizaramo kisha kwa Kiswahili, kwa sauti safi. Alipofika neno la mwisho nikaona uso wake ukibadilika.

Wavulana wawili wa vijiji vya jirani, waliokwisha kupita jando, waliinamisha vichwa mara moja. Walijua hawakupaswa kuusikia. Mwalimu Elifasi hakujua, na nathubutu kusema hakutaka kujua. Alifurahi mno. Aliuandika mstari ule katikati ya ubao, akaukata vipande kwa mistari ya chaki, akaandika chini ya kila kipande jina lake la Kiingereza. Herufi moja ikaharibika. Akalamba kidole akaifuta.

"Sasa, hiki kinasimama badala ya nini?"

Mwanaidi akatazama sakafu.

"Umetaja. Umetoa mfano. Sema kazi yake."

"Sijui, mwalimu."

"Haiwezekani hujui. Sema!"

Mwalimu akaanza kukisia mwenyewe, kwa sauti, na kila kisio lake lilizusha kicheko kikubwa kuliko la kwanza. Nilikuwa sijui maana, lakini nilitamani aache. Ilikuwa kama kumwangalia mtu akipekua nguo za ndani za mama yako, huku akikuuliza kila moja inaitwaje. Kengele ilipolia aliandika juu ya ubao: usifutwe. Wavulana wakatoka nao mstari ule uwanjani, wakiuimba kwa mapigo ya rula, na mwishoni wote wanapaza sauti: metafa!

Kesho yake Bi Tatu alifika mlangoni mwa darasa. Hakuingia.

"Hodi, mwalimu. Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Mama, kipindi hakijaisha."

"Kwako hakijaisha. Kwetu kimekwisha."

"Lakini huyu amejibu vizuri kuliko wote! Nimempa kumi juu ya kumi."

"Kazile mwenyewe hizo kumi," alisema Bi Tatu. Kisha, bila kumtazama tena mwalimu: "Mwanaidi, chukua kanga yako tuondoke." Alisoma Kurani tu, hakujua herufi za kizungu, lakini aliutazama ubao ule muda mrefu, akatema mate chini, akaondoka na mtoto.

Mzee Shomari hakukata tamaa. Alikwenda kwa wazee wa ukoo, nao wakampa njia moja. Mwalimu afike nyumbani kwa Bi Tatu, aseme mbele yao kwamba ni yeye aliyemlazimisha mtoto, na kwamba mtoto hakuyatoa kwa kujitapa. Akisema hivyo, Mwanaidi angerudi shule. Mzee Shomari alikuja shuleni na kanzu yake ya Ijumaa, akamwamkia mwalimu kijana kuliko yeye, akamwomba. Tuliwaona na kuwasikia kupitia dirisha. Mwalimu alimshika mkono na kumhakikishia: atakwenda, lakini baada ya ukaguzi. Kabla ya hapo isingefaa, watu wangezungumza.

Mkaguzi alikuja. Mwalimu alimwonyesha ubao. Yule Mzungu alikubali kwa kichwa mara nyingi, akauliza ni nani aliyetoa mfano mzuri namna ile, na mwalimu akajibu kwa Kiingereza kwamba ni msichana mmoja ambaye leo ni mgonjwa. Nilikuwa nimekaa peke yangu kwenye dawati la watu wawili. Kabla mikorosho haijamaliza kuangusha, mwalimu alipata uhamisho na cheo, akaondoka na lori la mizigo. Mwanaidi aliozwa Kongowe, hii ya Kibaha, kwa mtu mzima mwenye shamba la mihogo.

Mimi sasa nakaa Maili Moja, na mjukuu wangu anasoma maneno yaleyale kwa Kiingereza, kutoka karatasi za kutoa kopi zinazouzwa kando ya barabara ya Morogoro. Hatua ni zilezile tatu. Anayajua yote, na anaweza kukwambia metafa ina kazi gani hata kama hajaisoma hiyo metafa. Walimu wake ni watu wazuri, na hakuna anayelamba kidole. Hata hivyo, akianza kuyakariri sebuleni mimi hutoka nje.

Niliwahi kukutana na Mwalimu Elifasi, mzee, kwenye foleni ya hospitali. Alinikumbuka. Alisema, kabla sijamuuliza, kwamba alikwenda kwa Bi Tatu siku moja kabla ya safari, saa za alasiri, akapiga hodi, akajibiwa kwamba mtoto ameshapelekwa kwa mume. Sikumwamini. Bi Tatu naye, mpaka anakufa, alisema yule mtu hakukanyaga uani kwake. Nilimpelekea Mwanaidi maneno ya pande zote mbili. Alikuwa anamenya mihogo, na kisu hakikusimama. Alisema siku hizo alikuwa bado chumba cha ndani, hajapelekwa popote, na alasiri moja alisikia sauti ya mwanamume ikipiga hodi mara tatu, na shangazi yake akijibu kwamba humu hamna mtu. Watu wengi walipiga hodi nyumba ile, akasema, na mlango ulikuwa mnene.