Aliyepaa pale Tawa

Nikisikia harufu ya petroli ikichanganyika na vumbi la soko, narudi sokoni kwetu Tawa miaka ya themanini, mbele ya jenereta ya mjomba Kioko. Leo nina diploma ya umeme niliyoisomea ng'ambo, na nyumba ya mawe niliyoijenga bila harambee ya mtu. Jenereta kama ile naifungua na kuifunga nikiwa nimefumba macho. Lakini siku ile nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, na mshtuko nilioupata sijausahau.

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa ametoka Mombasa na televisheni, video na kaseti moja. Mama alikuwa amemwombea aokoke tangu nikiwa mgongoni, na hatimaye mjomba alikuwa amekubali kubatizwa Jumapili iliyofuata. Mlangoni pa ghala alilolikodi sokoni ili kutuonyesha sinema, mjomba alibandika picha aliyoichora mwenyewe: mwanamume mwenye joho jekundu, mikono ameinyoosha, akipaa mawinguni.

"Ni sinema ya Bwana?" mama akamwuliza.

"Dada, kwani wewe unaona nini hapo? Si anapaa?"

Sinema tulizozijua zililetwa na gari la wamishonari, na zote zilimhusu Yesu. Kwa hiyo mama, kiongozi wa akina mama kanisani, akawaleta wenzake wote na vitabu vyao vya nyimbo. Yule wa joho alipoinuka kutoka juu ya ghorofa, walisimama wakaimba kwa sauti nne. Mimi nilikuwa mbele kabisa, nikaona waya mgongoni mwake, na kitambi kikining'inia.

Kisha akashuka, akaingia baa. Wimbo ukakatika. Akambusu mwanamke aliyevaa nusu nguo, akawachoma watu kwa moto uliotoka machoni.

"Mama Mumo, huyu ni wa injili gani?" mmoja akamwuliza mama.

"Huyo ni Ibilisi," mwingine akadakia. "Tulia, Bwana anakuja."

Walingoja hadi mwisho. Hakuja.

Wazee wa kanisa wakamwita mama. Mimi nilichungulia dirishani.

"Sema tu Kioko alikudanganya," mzee mmoja akamwambia kwa upole. "Wewe tutakusamehe. Yeye habatizwi, na hapa hakanyagi tena."

"Sikudanganywa," mama akasema. "Nilijua ni sinema ya dunia. Nilitaka kuiona."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji baridi. Mama huyu, aliyenichapa kwa kusema nimekula kumbe sijala! Walimtenga. Alivuliwa uongozi na kunyimwa meza ya Bwana. Jumapili mjomba alibatizwa bwawani, mama akiwa amesimama mbali, wenzake wakiimba. Nilimwonea haya miaka mingi.

Nikiwa chuoni ng'ambo nilienda sinema, nikamwona shujaa wa Wamarekani ambaye yule wetu wa ghalani alikuwa mwigo wake tu, joho kwa joho. Huyu hakuwa na kitambi wala waya. Alipombusu msichana, ukumbi ulipiga makofi, mimi nikabaki nimeduwaa kitini. Nilikuwa nimekumbuka jinsi nilivyomwona mama kila nilipogeuka nyuma mle ghalani: kuanzia lile busu hadi mwisho, alikuwa amejifunika uso kwa leso.

Mtu aliyetamani kuona sinema hajifuniki uso. Mama alikuwa amesema uongo mbele ya wazee, yeye aliyeuogopa uongo kuliko njaa, ili mdogo wake aingie majini.