Nilitoka Naye, Nitarudi Naye

Miaka ile miwa ilipopanda bei, Malava ilibadilika sura mbele ya macho ya watu. Waliokuwa na mahindi waliyang'oa, waliokuwa na malisho waliyalima, na miwa ikasogea mpaka ikagusa kuta za jikoni. Mabati mapya yaling'aa kila kilima, redio zikalia kila boma, na matrekta ya kiwanda yakapita mchana kutwa yakivuta trela.

Katika neema hiyo Awinja, mke wa Shikanga, hakuwa tajiri wala fukara. Walikuwa na shamba lao la miwa, na yeye mwenyewe aliongoza kundi la wanawake waliopalilia mashamba ya majirani. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana na sauti nzito. Akimwita mwenzake upande wa pili wa shamba, hata dereva wa trekta barabarani alipunguza mwendo akidhani anaitwa yeye. Sauti hiyo ndiyo iliyomfanya awe nguzo ya kwaya ya kanisa lao. Watu walimwita Mama Andati, kwa jina la kifungua mimba wake.

Asubuhi moja jirani yake Pascalia alimfuata palizini. Hakuuliza hata habari za nyumbani.

"Mama Andati, wamemkataa mtoto wangu."

Awinja alijua anamsema nani. Mideva, binti wa Pascalia, alikuwa na miaka kumi na sita, na alipoimba wazee waliokuwa wakisinzia kanisani walifumbua macho. Lakini alikuwa na kifafa. Kwaya ilikuwa imealikwa Eldoret kwenye mashindano, na wimbo waliouandaa ulihitaji mtu wa kuanzisha kila ubeti peke yake. Mtu huyo alikuwa Mideva. Sasa wazee wa kanisa walikuwa wameketi wakasema safari ni ndefu, na msichana akianguka njiani nani atajibu?

"Mwalimu Hezekiah wa kwaya anasema mtoto ataenda tu kama kuna mtu mzima wa kusimama naye," Pascalia alisema. "Na mimi siendi popote hivi nilivyo." Aligusa tumbo lake, lililokuwa limeshuka tayari. "Nimeuliza wanne. Kila mmoja ananionea huruma, halafu anakumbuka ana kazi."

Awinja aliegemea jembe lake. Alimkumbuka Phineas, kaka yake, kule Malinya alikozaliwa. Phineas naye alikuwa akianguka. Kwa hofu na kwa mapenzi, wazazi wao walimfungia nyumbani. Siku za mafahali kupigana, kijiji kizima kiliteremka uwanjani na ngoma za isukuti zikatikisa bonde, na Phineas alibaki mlangoni akisikiliza, akiuliza kila aliyerudi ni fahali gani ameshinda. Homa ilimchukua akiwa kijana, hajawahi kuona pambano hata moja.

"Mtoto ataenda," Awinja alisema. "Nitatoka naye, nitarudi naye."

Pascalia alimfundisha yote aliyofundishwa na muuguzi wa hospitali ya Kakamega. Vidonge ni asubuhi na jioni, baada ya chakula. Njaa na kukosa usingizi humwita yule adui. Akianguka, usimkandamize, usimtie kitu mdomoni, ondoa vitu vyenye makali, mlaze ubavu, mlegezee nguo za shingoni, ukae naye mpaka arudi. Akirudi, zungumza naye polepole, maana hatajua yuko wapi.

Siku ya safari lori la kubebea miwa lilikuwa limeoshwa na kupangwa mabenchi. Vijana wa kwaya walikimbilia nyuma kabisa, wakakaa juu ya ubao wa mwisho wakining'iniza miguu nje. Mideva, katika gauni lake la buluu, alikuwa tayari ameshapanda ubao huo Awinja alipomshika mkono.

"Huku katikati, mama. Karibu na mimi."

"Lakini wenzangu wote wako hapa."

"Wenzako wakianguka kutoka hapo watakuwa wamependa wenyewe. Njoo."

Mideva alikuja, lakini aliketi akiwa amempa mgongo. Walipofika Webuye wakashuka kunyoosha miguu, Awinja alimfuata kila alikokwenda, hata chooni. Msichana aligeuka ghafla, machozi yakimlengalenga.

"Mama Andati, umekuja kunilinda ama kunichunga kama ng'ombe? Mbona usinifunge tu kamba?"

Watu wakacheka. Awinja hakucheka. Neno lile lilimchoma, kwa sababu alijua nyumba moja ambako kamba hiyo ilikuwako, ingawa haikuonekana kwa macho. Tangu hapo alimwachia nafasi ya hatua chache. Lakini jicho hakuliondoa.

Kupanda kuelekea Lugari lori lilianza kuhema. Jua likawaka, vumbi likawajaa kooni. Walipofika Chekalini moshi ulikuwa ukitoka chini ya boneti, na dereva, Chrispinus, akaegesha kando ya maduka.

"Injini imechoka," alitangaza. "Tupumzike sisi na yeye."

Watu wakatawanyika kutafuta maji. Awinja alimwona Mideva amesimama peke yake karibu na ukuta wa duka, akipangusa uso kwa kiganja, akiutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Awinja aliangusha kikapu akakimbia. Alimfikia wakati magoti yakikunjika, akamdaka kwapani, wakashuka chini pamoja.

Kukawa na kelele. Mmoja alilia kwamba mapepo yamefika. Mwingine alileta kijiko amtenganishe meno, mwingine akaja na ndoo ya maji. Wengi walirudi nyuma, wakiogopa povu lililokuwa likimtoka kinywani.

"Simameni hapo hapo!" Ile sauti ya palizini ikawapiga wote vifuani. "Kijiko rudisha. Maji weka chini. Nipeni leso, na mnizibie jua."

Aliweka leso chini ya kichwa cha msichana. Mtetemeko ulipolegea alimgeuza ubavu, akamfungua kifungo cha shingoni, akakaa vumbini mkono wake ukiwa begani pake. Gauni la buluu lilikuwa limelowa. Awinja alifungua khanga yake kiunoni akamfunika kuanzia tumbo hadi miguu, polepole, kama mtu afunikaye mtoto aliyelala. Kisha akangoja. Kitu kigumu kuliko vyote kilikuwa hicho, kungoja, watu wazima wakimtazama kana kwamba hafanyi lolote.

Mideva alipofumbua macho kitu cha kwanza alichokiona ni uso wa Awinja.

"Uko Chekalini," Awinja alimwambia. "Uko na mimi. Ulianguka, na sasa imepita."

Msichana aliona watu, akaona khanga, akaelewa. Alijifunika uso. "Sikumeza kidonge alichonipa mama asubuhi," alinong'ona. "Kinanifanya niwe na usingizi. Sauti inakuwa nzito. Nilitaka niimbe vizuri."

Awinja alitaka kumgombeza, na maneno yalikuwa tayari mdomoni. Akayameza. Mtoto huyu alikuwa amehatarisha maisha yake kwa ajili ya kitu kile kile ambacho wote walikuwa wamepandia lori.

Mwalimu Hezekiah alikuja akiwa ameshika kofia yake mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na roho nyingi mikononi mwake siku ile, na zote zilikuwa zikimwangalia.

"Mama Andati, mimi nimeongea na wazee wa kanisa la hapa. Kuna mama mmoja, Nanjala, atamkaribisha. Abaki hapa apumzike. Tukirudi kesho jioni tumchukue."

"Abaki na nani anayemjua?"

"Mama Nanjala ni Mkristo."

"Sijakataa. Lakini hata jina la mtoto hajui."

"Akianguka mbele ya watu Eldoret? Akifa mikononi mwetu? Nitamwambia nini babake?"

Mideva alivuta ukingo wa nguo ya Awinja. "Niacheni tu," alisema. "Ni haki yenu."

Awinja aliinuka. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mwalimu, mimi nilitoka na mtoto wa Pascalia. Mkiniambia abaki, tutabaki wawili, na nyinyi mwende na Mungu. Lakini hatuachi mtu barabarani kama gunia lililopasuka. Na nitakwambia kingine. Nilikuja nikidhani kazi hii ni yangu peke yangu. Nimekosea. Mimi nina macho mawili, na saa nyingine yanaangalia kikapu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nipe muda injini ipoe, niwafundishe hawa wote kile nilichofundishwa. Halafu uamue."

Hezekiah alimtazama Chrispinus, labda akitafuta wa kumwokoa. Dereva alipangusa mikono kwa kitambaa cha mafuta.

"Lori bado ni moto, Mwalimu. Hata ukitaka kwenda, haliendi."

Nanjala, yule mama wa Chekalini, hakungoja uamuzi. Alileta obusuma, ugali wa kwao, na mboga za kunde na maziwa, akamwosha Mideva ndani ya nyumba yake na kumpa sketi ya binti yake. Awinja alihakikisha amekula, ndipo akamtolea kidonge. Msichana alikimeza mwenyewe. Akalala kidogo kwenye mkeka, rangi ikamrudia.

Alipoamka, Awinja alimwomba ruhusa kwanza. "Naweza kuwaambia wenzako? Wote?"

Mideva aliinuka akakaa. "Waambie mimi nikiwepo," alisema. "Nimechoka kusemwa nikiwa sipo."

Basi kwaya ikakaa kwenye majani nyuma ya maduka, na Awinja akalala chini yeye mwenyewe, na mabega yake mapana, akawa ndiye aliyeanguka. Wakamgeuza ubavu mmoja baada ya mwingine. Mama mnene wa sauti ya pili alimbiringisha mpaka akagonga ukuta wa duka, watu wakacheka, na Mideva naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Yule aliyelia habari za mapepo aliuliza kwa sauti ndogo kama povu huambukiza. Mideva alimjibu mwenyewe: "Mamangu amenishika tangu nikiwa darasa la pili. Kifafa hakijampata."

Hezekiah alikuwa wa mwisho kujaribu. Alivua koti, akapiga goti, akamgeuza Awinja vizuri kuliko wote. Akainuka akijipangusa.

"Pandeni lori," alisema. "Sote."

Vijana hawakurudi kwenye ubao wa nyuma. Hakuna aliyewaambia. Walijipanga katikati kumzunguka Mideva, na kuanzia Turbo mpaka Eldoret wimbo haukukatika.

Usiku huo walilala katika darasa la shule, na Mideva alilala mapema kati ya Awinja na ukuta. Asubuhi alikula, akaonyesha ulimi kuthibitisha amemeza, mwenyewe akacheka.

Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Kwaya za mjini zilikuja na majoho yaliyopigwa pasi mpaka yakakakamaa kama makaratasi. Kwaya ya Malava ilipanda jukwaani na mashati meupe yaliyobaki na wekundu wa vumbi la Lugari kwenye kola. Hezekiah aliinua mikono.

Mideva alianzisha ubeti wa kwanza, na ukumbi ukanyamaza. Ubeti wa pili ukawafanya watu wa nyuma wasimame ili wamwone. Akaingia wa tatu. Katikati ya neno, akanyamaza. Hakuanguka. Macho yalikuwa wazi, lakini yakitazama mahali pasipo na kitu, na vidole vyake vilichezea kifungo cha shati.

Hezekiah alibaki na mikono hewani. Awinja aliyekuwa nyuma ya msichana alimshika kiwiko, na papo hapo akalidaka lile neno lililokatika, kwa sauti yake nzito, pale pale lilipoachwa. Yule mama mnene akaingia upande wa kushoto, mkono wake ukizunguka kiuno cha Mideva. Kisha sauti ya tatu, kisha wanaume, hakuna aliyeashiriwa, hakuna aliyegeuza kichwa. Kwaya nzima ilisogea nusu hatua ikamzunguka, ikaubeba ubeti ule kama watu wanaobeba mgonjwa kuvuka mto, bila kumlowesha.

Awinja alikuwa akiimba na kuomba kwa pumzi moja. Ndipo akahisi kiwiko kinakaza mkononi mwake. Mideva alipepesa macho, akasikia walipofika, akavuta hewa. Sauti yake ikapanda juu ya sauti zote, safi, bila mkwaruzo. Ubeti wa nne aliuanzisha peke yake.

Makofi yalianza kabla ya neno la mwisho kwisha. Mwamuzi mmoja alisimama na kusema kwamba katika mashindano yote hajasikia upangaji wa sauti kama ule wa ubeti wa tatu, sauti moja ikazama ndani ya zote kisha ikafufuka. Akamwuliza mwimbishaji aliupata wapi.

Hezekiah aliwatazama wanakwaya wake. "Chekalini," alijibu.

Kombe lilikwenda Malava.

Waliporudi, habari ilikuwa imetangulia. Wakata miwa waliacha safu zao wakatoka barabarani na mapanga yao juu, weusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa, wakicheza mbele ya lori mpaka Chrispinus akalazimika kwenda mwendo wa mguu. Vigelegele vilitoka kila boma. Pascalia alikuwa mlangoni pake, na kitoto kichanga kifuani, kimezaliwa usiku ule ule wa safari.

Mideva alishuka mwenyewe. Awinja alishuka nyuma yake.

"Pokea mtoto wako," alimwambia Pascalia. "Alianguka mara moja, na nitakueleza yote. Ndiye aliyetushindia."

Pascalia alimpa Awinja kile kichanga akishike, ili apate mikono yote miwili ya kumkumbatia binti yake.

Mwaka uliofuata kwaya ilialikwa Nakuru. Aliyekwenda kumwombea Mideva ruhusa alikuwa Mwalimu Hezekiah mwenyewe, na alipofika alikuta wanawake watatu wa kwaya wameshamtangulia, wakibishana mbele ya Pascalia ni nani atakayekaa karibu naye.