Seva ya Mgeni

Binti yangu alikuwa anaomba kazi ya kutunza seva tatu za ushirika wa wafanyabiashara wa mpakani, hapa Kamembe. Humo ndimo zinamokaa orodha za mizigo inayovuka kwenda Bukavu. Asubuhi ile kamati ilikuwa inakuja kumwangalia, na akishindwa, kazi ingepewa mtu mwingine.

Alikuwa ameweka programu mpya. Unaiandikia kwenye faili moja jinsi unavyotaka seva zikae, nayo inazipanga hivyo yenyewe, wala haitulii mpaka hali ilingane na maandishi. Kwa kuwa niliwahi kuwa karani wa shule, aliniomba ninakili maandishi hayo kutoka kwenye daftari lake, yeye akiwa chini ya meza na nyaya.

Palipoandikwa seva tatu, niliandika nne. Kidole hakikuteleza. Kwetu hakuna anayepika kwa idadi kamili ya watu waliomo nyumbani. Mgeni akitokea Nkanka atakula nini? Niliona aibu kuandika tatu kavukavu.

Kamati ikaingia. Programu ikapanga seva tatu vizuri sana, kisha ikaanza kuitafuta ya nne. Skrini ikawa nyekundu. Binti yangu akachomoa nyaya, akazichomeka tena, jasho likamtoka. Mimi nilijua, nikapangusa miwani.

Mwenyekiti, mama mmoja muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, akasogea.

"Inangojea nani?"

"Seva ya ine, Maman. Lakini ya ine haiko."

"Basi uiambie haitakuya!"

Binti yangu akafungua faili, akasoma, akanigeukia polepole. "Papa, nani aliandika ine?"

"Ni miye. Niliwekea mgeni."

"Mgeni gani?"

"Seva mgeni. Kama anakuya bila kupiga simu."

Kamati nzima ikaangua kicheko; mjumbe mmoja akashikilia mlango asianguke. Binti yangu hakucheka. Alifuta nne, akaandika tatu, na punde skrini ikawa ya kijani.

"Sasa nimeamini," mwenyekiti akasema, akijifuta machozi. "Kama inatii mpaka bujinga ya Mzee, itakosa kututii sisi? Binti, utaanza kesho. Mzee abakie nyumbani."

Jioni nilimwomba binti yangu msamaha kwa kunyamaza nikimwona anahangaika na nyaya. Alisema ile nne ameshaisamehe. Kuhusu kunyamaza, bado anafikiria.