Nimerudi kuendesha kamyo ya samaki baada ya kansa ya prostate, na ile kamba ya Mama Dorika

Wakubwa, mujambo wote. Ya leo ni yangu mwenyewe, hakuna mutu aliniambia. Sitaongeza chumvi, samaki ya kamyo yangu iko nayo ya kutosha.

Mi ni shofa hapa Bunia, nakaa mtaa ya Shari. Napeleka kamyo Tchomia, kule kwa ziwa, narudi na wamama wa samaki ya kukausha. Ni kazi ya miaka mingi. Hata kanisani wananiita Papa Shofa.

Kisha nikapatwa na kansa ya prostate.

Wenye hamuijui, ni kale kakitu wanaume tuko nako chini ya kibofu. Nilianza kuamka amka kukojoa, nikasema ni uzee. Bibi yangu akakataa hayo maneno, akanisukuma mpaka kwa docteur. Nikafanyiwa oparesheni Kampala. Kansa ikatoka, Mungu asifiwe.

Lakini mukojo ukabaki hauna adabu. Nikicheka, unatoka. Nikibeba ndoo, unatoka.

Muganga wa mazoezi, dada mumoja mupole, akanifundisha kukaza misuli ya chini na kulegeza, kila siku. Mwanaume muzima nimekaa kwa kiti, nakaza, naangalia ukuta sawa mutu anafikiri mambo makubwa. Municheke tu. Inasaidia.

Patron yangu, mwenye kamyo, akanipokea vizuri, ila akataka nibaki depo kuangalia mizigo. Nikakataa. Nikamwambia anipe usukani nijaribu. Akasema sawa, lakini sheria ya barabara unaijua.

Sheria ni hii: kamyo haisimami njiani. Ni kweli, hizi siku vita imetulia, watu wanalima, soko inajaa. Lakini kamyo ikisimama mahali hakuna nyumba, watu wanaacha kuongea, wanaangalia majani. Kila mutu iko na kitu anakumbuka. Patron akisikia nimesimama ovyo, usukani unaenda kwa mwingine.

Na kibofu yangu, wakubwa, haikuwa ya kufika mwisho wa safari.

Siku ya kwanza nilivaa zile nguo za kufyonza, za watu wazima, ndani ya suruali pana. Joto ya kule chini kwa ziwa munaijua. Wakati wa kurudi, wamama wamekaa juu ya mizigo, tunapanda mulima, na mi natoka jasho ya woga.

Tukafika kule juu, kwa posti ya askari. Walikuwa wanatupungia mukono tupite. Mama Dorika, ndiye mukubwa wa wale wamama, akapiga kabini na kiganja.

"Papa Shofa, simama, kamba ya samaki yangu imelegea."

Nikasimama. Hapo askari wako, nyumba ziko, hakuna wa kuogopa. Mama akashuka kufunga kamba. Mi nikajifanya naangalia tairi ya nyuma, nikapotea kwa majani. Ile raha siwezi kuiandika hapa.

Safari iliyofuata, pale pale, kamba imelegea. Na ingine tena.

Mi hasira yangu iko karibu, bibi yangu anajua. Nikagomba: wamama munauza samaki tangu zamani, leo ndiyo hamujui kufunga? Wakainamisha vichwa. Nikamaliza kugomba, nikakimbia kwa majani yangu.

Siku moja nikatoka kwa majani mapema, nikakuta Mama Dorika anafungua kamba. Ilikuwa imekazwa muzuri kabisa. Anafungua, anafunga tena, pole pole. Wenzake wote wamegeuza uso upande wa ziwa.

Nikaelewa. Nikasikia haya. Nikamuuliza ni nani alimwambia.

"Hakuna mutu," akasema. "Mume yangu alikuwa na ile ugonjwa. Alificha mpaka ikamumaliza. Ile suruali pana naijua. Weye ficha tu, Papa, siye tutafunga kamba."

Nililia nikiwa naendesha, na sioni haya kuliandika.

Jioni ile nikamwambia patron yote. Kisha akasema pale kwa askari ni sawa, simama, usukani ni wako.

Sasa mazoezi imefanya kazi. Natoka Tchomia nafika nyumbani mukavu. Zile nguo nimeacha. Nakula, nalala, naendesha, nagombana na wamama juu ya mizigo yao. Niko muzuri.

Wiki iliyopita tulibeba muzee mumoja, simujui, akakaa karibu yangu ndani ya kabini. Tukianza kupanda mulima nikaona anabana magoti, anaangalia mbele. Kwa posti nikasimama. Nikasema ngojeni kidogo, tairi ya nyuma inanisumbua.

Mama Dorika akaangalia tairi, akaniangalia. Kisha akawaambia wenzake kamba yake imelegea.

Wakubwa, nilichojifunza ni hiki. Mwanaume akianza kuamka amka kukojoa, aende kupimwa, asiseme ni uzee. Na ukipona, rudi kwa kazi yako, usikubali kuwekwa depo kabla hujajaribu. Watu wako wako pale, hata kama hawasemi.

Wenye mumepita njia hii, andikeni hapa chini. Wenye mungali munaficha, andikeni tu kama ni habari ya shemeji yenu. Hatutauliza. Siye tutafunga kamba.