Mwanamke Aliyeambiwa Ana Mvua

Pale mtaani kwao Furukawa walimwita Sumie "mama mvua", naye alicheka kila walipomwita hivyo. Alicheka kwa sababu asingecheka wangejua kwamba jina lile linamchoma.

Jina lilitokana na safari. Kila mwaka, majani ya milimani yanapogeuka rangi, wanawake wa mtaa hukodi basi wakaenda kuyatazama siku moja, mwaka huu mlima huu, mwakani mlima mwingine. Walipokwenda Zao ilinyesha. Walipokwenda Towada ilinyesha, tena ya mawe. Bandai ukungu uliwafunika, wakarudi na picha za miavuli tu. Na mwaka pekee ambao Sumie alibaki nyumbani, kwa sababu ya mazishi ya shangazi yake, jua liliwaka tangu asubuhi mpaka jioni. Haya, ushahidi gani tena ulitakiwa? Watu wa kule husema kuna mtu anayetembea na jua lake na kuna anayetembea na mvua yake. Wanasema kwa mzaha. Lakini umewahi kuona mtu anayefurahia kuwa yule wa mvua?

Sumie alikuwa mke wa Genzo mwenye duka la tofu, vile vipande laini vya maziwa ya soya yaliyogandishwa. Alikuwa mama wa makamo, mikono imekunjamana kwa maji baridi tangu ujana wake. Hakuwa msemaji. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Shoga yake mkubwa alikuwa Bi Fuki, mjane aliyempita kwa miaka zaidi ya ishirini, mzaliwa wa Naruko, chini kabisa ya lile bonde ambalo watu husafiri kutoka pande zote za nchi kuja kuona majani yake.

Kulikuwa na siri baina yao. Siku moja Bi Fuki aliingia dukani, akainama kwa heshima zote, akasema, "Bwana Genzo, habari za asubuhi." Kumbe Genzo hayupo. Bibi alikuwa anaamkia koti lililotundikwa ukutani. Sumie aliona, na Bi Fuki akajua kwamba ameonwa.

"Macho yanakwisha," bibi alisema. "Ukimwambia mtu, mwanangu Noriyuki atakuja kunichukua kesho yake. Sumie, nakuomba."

Sumie hakumwambia mtu, hata mumewe. Tangu hapo kwenye safari walikaa kiti kimoja, naye alimnong'oneza bibi njia nzima: kushoto kuna njano ya kiini cha yai, sasa inakuja nyekundu, hapa bado kijani. Basi zima lilidhani wanasengenya watu.

Ila dunia haina huruma. Noriyuki, aliyekuwa akiishi Fukuoka, kusini kabisa, alikata shauri kwamba mama amezeeka mno kuishi peke yake. Angekuja kumchukua mwishoni mwa Oktoba. Wanawake waliposikia hivyo wakasema safari ya mwaka huu iwe Naruko, bibi akaage kwao. Hapo ndipo Bi Fuki alipomwambia Sumie neno lililomnyima raha.

"Jua likiwaka sawasawa bado naona wekundu," alisema. "Majani siyaoni. Wekundu tu. Nataka niuone mara moja kule kwetu, niondoke nao."

Jua! Katika vitu vyote vya duniani, bibi alitaka jua.

Wiki ya safari walikutana kwenye ukumbi wa mtaa. Mwenyekiti wao, Mama Akutsu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuza samaki, alitaja saa ya basi na chakula cha njiani, halafu akakohoa kidogo.

"Mengine tuombe jua tu. Bi Sumie, afya yako lakini? Mgongo hausumbui siku hizi? Tofu ile ina uzito jamani."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Sumie naye alicheka, uso umemwiva mpaka masikioni. Kule kwao mtu haambiwi usije. Anaulizwa afya yake, na mwenye akili anajijazia mwenyewe. Mgongo wake ulikuwa mzima kama wa punda.

Siku zile hakulala vizuri. Akisema ataenda, anamwona bibi amesimama kwenye daraja la bonde, mvua inamiminika, kijivu kila upande, na wanawake wote wamemgeukia yeye. Akisema hataenda, moyo unamwambia kiti cha pembeni ya bibi kitakaa tupu. Mwishowe aliogopa lile la kwanza zaidi. Jioni ya mwisho alimpigia simu Mama Akutsu.

"Mgongo umenikamata, mama. Siwezi hata kuinama."

"Maskini! Pole sana, pole mno! Lala kabisa, usijisumbue!" Loo, pole ile ilivyokuja haraka! Ilikuwa imekaa tayari mdomoni.

Kumpigia Bi Fuki alishindwa. Alijiambia bibi atapata habari kwenye basi. Kisha, mwanamke mzima mwenye wajukuu, alikata kipande cha kitambaa cha kuchujia soya, akatengeneza kile kidoli cheupe ambacho watoto hutundika barazani kuomba hali nzuri ya hewa. Alikitundika upande wa nyuma, kisionekane na jirani.

Kulikucha kweupe, hakuna wingu. Sumie alitoka barazani akatazama juu, akafurahi, halafu ile furaha ikamgeukia. Kwa hiyo ni kweli. Kwa hiyo miaka yote ile walikuwa wanasema kweli, na yeye ni mkosi. Alishinda akibeba magunia ya soya kama anayejiadhibu. Genzo alipomuuliza mbona hakwenda, alimjibu, "Sikujisikia."

Jioni mlango wa duka ulisogezwa. Alikuwa Bi Fuki, amekuja peke yake akipapasa kuta za mtaa, mkononi ana kiboksi cha vitumbua vya wali wa kunata na njugu za milimani, zawadi ya Naruko.

"Nimekuletea. Mgongo wako vipi, mwanangu? Mama Akutsu ameniambia huwezi kuinuka."

Kabla Sumie hajafungua mdomo, Genzo alidakia kutoka chumba cha nyuma. "Mgongo gani? Huyu amebeba magunia tangu alfajiri, mimi mwenyewe nimechoka kumtazama!"

Sumie alitamani sakafu ipasuke immeze. Bi Fuki alikaa polepole kwenye ukingo wa baraza, akakipakata kile kiboksi.

"Umenidanganya hata mimi?"

"Nilitaka upate jua," Sumie alisema. "Ningekuja mimi ingenyesha. Unajua wanavyosema. Ulitaka jua, bibi."

"Jua nimelipata. Limeniunguza pua. Nilisimama pale darajani, jua likanimwagikia machoni, nikaona weupe mtupu kama nimetumbukizwa kwenye hilo pipa lako la maziwa ya soya. Wenzangu wanapiga kelele, 'Bibi, tazama kule! Tazama na kule!' Kule wapi? Wananionyesha kwa vidole. Nikasema, 'Uzuri ulioje.' Tukasogea kidogo, wakanionyesha tena. Nikasema, 'Uzuri ulioje.' Kutwa nzima, Sumie, kama kasuku."

"Sikujua..."

"Hukuniuliza. Kiti chako nimekishikilia mpaka basi linaondoka, dereva anapiga honi." Bibi aliinuka. "Na niambie jambo moja. Wewe ni nani hasa, hata mawingu ya nchi nzima yakae yanakusubiri wewe utoke nyumbani? Akutsu ni mpumbavu, anacheka tu. Wewe umeamini!"

Aliweka kiboksi juu ya meza, akataka kuondoka. Sumie alimfuata ili amshike mkono ampeleke kwake, kama siku zote. Bibi aliuondoa mkono wake. Alikwenda peke yake, akipapasa ukuta.

Vile vitumbua Sumie hakuvila. Genzo ndiye aliyevila, siku ya pili, akisema vimekauka.

Wiki iliyobaki Sumie alimkwepa Bi Fuki. Mara mbili alifika mpaka mlangoni kwake na tofu kwenye bakuli, akaiacha kizingitini akakimbia kama mwizi. Kila jioni baada ya taarifa ya habari televisheni ilionyesha ramani ya majani: wekundu ulianzia Hokkaido, ukashuka mkoa kwa mkoa kuelekea kusini. Siku ile Naruko ilipowekewa alama ya majani yaliyokwisha kupukutika, Sumie alizima televisheni. Genzo alilalamika kwamba alikuwa anasubiri besiboli.

Siku ya bibi kuondoka, mvua ilinyesha. Tena ile ya kunyesha moja kwa moja, isiyo na haraka. Wanawake walijipanga kando ya barabara na miavuli yao, Noriyuki anapakia masanduku kwenye teksi, akiinama na kushukuru huku na huku. Sumie alikuja wa mwisho, akasimama nyuma ya wote.

"Jamani, Bi Sumie!" Mama Akutsu alisema. "Hata leo umetuletea?"

Wakacheka. Safari hii Sumie hakucheka. Alitazama viatu vyake.

Kioo cha teksi kilishuka. "Sumie yuko wapi?" Bi Fuki aliita kutoka ndani. "Njoo hapa. Ule mti wa kwenye lango la hekalu ukoje leo?"

Sumie alisogea, miavuli ikampisha. Alimwinamia bibi, akanong'ona kama walivyozoea. "Bibi, watasikia."

"Wasikie. Sema kwa sauti."

"Si ule pale, bibi?" Mama Akutsu alidakia, akinyoosha kidole. "Unauona vizuri tu, au mvua inakuzuia?"

"Hainizuii mvua. Sioni, Akutsu. Huu mwaka wa tatu sioni."

Noriyuki alisimama na sanduku mkononi, mvua inampiga kichwani.

"Ni mzuri sana," Sumie alianza.

"Usiniambie mzuri. Mzuri nimeshiba Naruko."

Basi Sumie alipangusa uso, akautazama mti. "Juu umebaki matawi. Katikati ni mwekundu, ule wa pilipili iliyokaushwa. Upande wa ukutani bado wa kijani, jua halifiki pale. Chini yamelala mengi, yameloa, yamekuwa rangi ya chai. Na moja limenata kwenye kioo cha nyuma, hapo, karibu na mkono wako."

Bi Fuki alinyoosha kidole, akapapasa kioo kwa ndani. Sumie aliingiza mkono dirishani, akakishika kile kidole akakisogeza kidogo, mpaka kikafika mahali penyewe.

"Fukuoka yanageuka mwishoni mwa Novemba," bibi alisema. "Huko nani ataniambia?"

Noriyuki aliingia, kioo kikapanda, teksi ikaondoka na lile jani.

Hakuna aliyeondoka. Mama Akutsu alisogea, akamfunika Sumie kwa mwavuli wake. Ile sauti ya kuuza samaki ilikuwa imekwisha.

"Mimi ndiye niliyemshika mkono pale darajani," alisema. "Nilimwonyesha kwa kidole, Sumie. Kutwa nzima kwa kidole."

Mtu akisema hivyo kule kwao, hujibiwa: hukujua, mama, usijilaumu. Sumie alijua anangojewa aseme hivyo, na wanawake wote walikuwa wamemgeukia.

"Wewe hukujua," alisema. "Mimi nilijua, nikabaki nyumbani."