Kovu la Juu ya Jicho

Mkono wa kushoto wa mpiga picha haujasahau. Akiketi mbele ya kompyuta ya studio, vidole huzungusha hewa taratibu, kana kwamba bado vimeshika ile lenzi nzito aliyoiuza alipopata programu ya kusafishia picha. "Lenzi ya nini tena?" huwatania wateja. "Humu hata mama mkwe wangu anatoka anatabasamu!" Na kweli, mikunjo hunyooka, maharusi hung'aa.

Juzi alikuja binti wa mshonaji jirani, macho mekundu, akitaka picha ya marehemu mama yake ikuzwe. Mpiga picha ndiye aliyeipiga mwaka jana, kwa lenzi hafifu aliyobaki nayo. Akaikuza, akaisafisha, kope zikachomoza moja moja. Binti akaitazama, kisha akasema kwa upole, "Amependeza, mjomba. Lakini kovu lake la juu ya jicho liko wapi? Nilimkwaruza mimi, nikiwa mchanga."

Mpiga picha akairudia picha ya awali, akaivuta karibu, karibu zaidi. Penye kovu palikuwa na ukungu wa kijivu tu. Mkono wa kushoto ukaanza kuzungusha hewa, ukaitafuta ile lenzi nzito, ukakosa pa kushika.