Vidonge vya Bi Tatu

Nichekeni tu, maana mtaa mzima wa Kariakoo umeshanicheka. Ijumaa iliyopita mama wa mchumba wangu alikuja kwetu kula chakula cha mchana. Alikuwa ameshalalamika kwamba nimekonda na sina hamu ya kula. Sasa jirani yangu Bi Tatu, tangu aanze vidonge vya mwasho alivyopewa na dresa wa zahanati, anakula hadi anakomba sufuria. Nikaona dawa yangu ndiyo hiyo! Asubuhi nikanyemelea chumbani kwake, nikachomoa vitatu, nikavimeza vyote.

Mgeni alipofika nilimwamkia vizuri, nikapakua pilau. Tonge la pili halikufika mdomoni. Nilizinduka uso umo ndani ya sinia, wali puani, naye anapiga kelele, "Mwanangu anaoa mgonjwa!"

Bi Tatu akaja mbio, akayaona macho yangu yaliyolegea.

"Mgonjwa wapi, dada! Kameza vidonge vyangu huyu. Vinalevya kwa usingizi. Dresa kaniambia kimoja tu, tena wakati wa kulala. Nami nimevitafuta tangu asubuhi!"

Mama mkwe akanigeukia taratibu.

"Kumbe si mgonjwa. Ni mwizi."